Sanduku la Maswali: Maine, jimbo la mashambani linalogawa kura zake

Mwezi huu barua nyingi zimeuliza kuhusu Maine, jimbo la kona ya kaskazini mashariki mwa Marekani. Sensa ya 2020 ilihesabu huko watu 1,362,359, na zaidi ya nusu yao wanaishi vijijini. Tuelewane kwanza kwa maneno: hapa "jimbo" ni Maine nzima, na "eneo bunge" ni eneo linalochagua mbunge mmoja wa Baraza la Wawakilishi kule Washington. Maine ina maeneo bunge mawili tu.

Kwenye ramani ya uchaguzi wa rais wa 2024, Maine ilipakwa rangi mbili. Mwalimu wetu anasema ni jimbo la Democratic. Tumwamini nani, ramani au mwalimu?
*Mwanafunzi wa kidato cha sita, Dodoma*

Mwalimu wako anahesabu jimbo lote kwa pamoja, na kwa hesabu hiyo hajakosea: tangu 1992 kila mgombea urais wa Democratic, mojawapo ya vyama viwili vikubwa vya Marekani (kingine ni Republican), ameongoza Maine. Ramani inahesabu kura za wajumbe, yaani zile kura 538 zinazomchagua rais hasa. Maine ina 4: mbili kwa ajili ya maseneta wake wawili, na moja kwa kila eneo bunge. Majimbo 48 humkabidhi mshindi kura zote za wajumbe kwa mkupuo. Maine, kwa sheria iliyopitishwa 1969 na kuanza kutumika 1972, humpa mshindi wa jimbo zima kura 2, kisha kila eneo bunge linatoa yake 1 kwa aliyeongoza pale. Nebraska ilifuata utaratibu huo kuanzia uchaguzi wa 1992. Hakuna jimbo jingine.

Sheria hiyo ilikaa miaka 44 bila kugawa chochote, kwa sababu maeneo yote mawili yalikuwa yakielekea upande mmoja. Mwaka 2016 Hillary Clinton aliongoza jimbo kwa pointi kama 3, lakini eneo bunge la pili likampa Donald Trump ushindi wa pointi kama 10. Hivyo Clinton akapata 3, Trump 1. Matokeo yakawa 3 kwa 1 tena mwaka 2020 na 2024.

Sasa shuka chini ya ramani. Eneo bunge la kwanza ni Portland na pwani ya kusini: hospitali kubwa, vyuo, ofisi, na familia zilizohamia kutoka Boston na kwingineko. Eneo la pili ni karibu kila kilichobaki: misitu isiyo na hata serikali ya mji, mashamba ya viazi ya kaunti ya Aroostook, vijiji vya wavuvi wa kambakoche, na miji iliyojengwa kuzunguka kiwanda kimoja. Kwa ukubwa wa ardhi, hakuna eneo bunge linalolipita mashariki ya mto Mississippi.

Ukitaka kuelewa mabadiliko, itazame miji hiyo ya viwanda. Millinocket ilianzishwa mwishoni mwa karne ya 19 kwa ajili ya kiwanda cha karatasi cha Great Northern, kampuni ambayo enzi zake iliajiri zaidi ya watu 4,000. Kampuni ilifilisika 2003, kiwanda cha Millinocket kikasimama 2008, na cha mji jirani wa East Millinocket kikafungwa 2014. Mwishoni mwa mwaka huohuo kiwanda cha karatasi cha Bucksport nacho kikafungwa. Katika miji ya namna hiyo kadi ya chama cha wafanyakazi na kura ya Democratic zilikaa mfuko mmoja. Ajira zilipokwenda, chama cha wafanyakazi kikafifia, vijana wakahama, na waliobaki wakawasikiliza wagombea walioulaumu NAFTA, mkataba wa biashara kati ya Marekani, Kanada na Meksiko.

Lewiston, mji wa viwanda vya nguo, ulijaa wahamiaji Wakatoliki wenye asili ya Quebec nchini Kanada, wanaozungumza Kifaransa, na kwa vizazi ulikuwa ngome ya Democratic. Kaunti yake, Androscoggin, ilimpa Trump ushindi mwaka 2016. Kwa hiyo wanaosema "vijiji vimegeuka" wanakosea kidogo. Vijiji vingi vya kilimo vilikuwa na Warepublican tangu zamani. Waliohama chama kwa wingi ni watu wa viwandani. Linganisha miaka miwili: 2008 Barack Obama alishinda kaunti zote 16 isipokuwa Piscataquis. Miaka minane baadaye Trump alichukua 9.

Bado, usimwite mpiga kura wa Maine jina la chama kwa haraka. Mwaka 2020, kwenye karatasi zilezile, Joe Biden alipata asilimia 53 na Seneta Susan Collins, Mrepublican, akapata asilimia 51. Maana yake maelfu walitia wino kwa Biden, wakashuka mistari michache, wakatia wino kwa Collins. Seneta mwenzake, Angus King, hana chama kabisa. Alichaguliwa gavana mara mbili, 1994 na 1998, kisha seneta 2012, 2018 na 2024. Na eneo bunge hilohilo la pili lililompa Trump kura yake ya mjumbe lilimchagua Jared Golden, Mdemokrati, mara nne mfululizo kuanzia 2018.

Nimesoma kwamba zamani Wamarekani walisema "Maine inakoelekea ndiko taifa linakoelekea". Ilikuwa kweli?
*Msomaji wa Mombasa*

Kwa muda ilionekana hivyo, na sababu kubwa ni kalenda. Maine ilichagua gavana na wabunge wake mwezi Septemba, majuma kadhaa kabla ya uchaguzi wa rais wa Novemba. Magazeti ya nchi nzima yaliyasoma matokeo hayo kama mkulima anavyosoma mawingu. Utaratibu huo ulidumu hadi 1958, na kuanzia 1960 jimbo likapiga kura zote Novemba.

Lakini Maine haikuwa kioo cha taifa hata kidogo. Ilikuwa Republican toka moyoni. Hannibal Hamlin, seneta wa hapo, alikihama chama cha Democratic mwaka 1856 kwa sababu ya utumwa, na miaka minne baadaye akachaguliwa makamu wa Abraham Lincoln. Kuanzia 1856 hadi 1960, Maine ilimkataa mgombea urais wa Republican mara moja tu, mwaka 1912, chama hicho kilipogawanyika na Woodrow Wilson akapita katikati.

Msemo ulikufa 1936. Septemba Warepublican walishinda Maine, wakaamini mgombea wao wa urais, Alf Landon, ataingia Ikulu. Novemba Franklin Roosevelt akachukua majimbo yote isipokuwa mawili: Maine yenye kura 5 za wajumbe wakati huo, na Vermont yenye 3. James Farley, aliyeongoza kampeni ya Roosevelt, akaubadili msemo: Maine inakoelekea ndiko Vermont inakoelekea.

Mlango kwa Democratic ulifunguliwa na Edmund Muskie, aliyechaguliwa gavana 1954. Mwaka 1964 jimbo lilimchagua Lyndon Johnson, na 1968 Hubert Humphrey, ambaye mgombea mwenza wake alikuwa Muskie huyohuyo. Kisha likarudi Republican kwa chaguzi tano, 1972 hadi 1988. Mwaka 1992 ulikuwa wa ajabu: Bill Clinton alishinda, na Ross Perot, mgombea binafsi, akapata asilimia 30, akamzidi kidogo Rais George Bush, mtu mwenye nyumba ya familia palepale Kennebunkport.

Inakuwaje mgombea anaongoza usiku wa uchaguzi, kisha siku chache baadaye anatangazwa mwingine? Kwetu hapa tungesema kura zimeibwa.
*Msomaji wa Nairobi*

Unazungumzia eneo bunge la pili, Novemba 2018. Hofu yako tunaielewa, na dawa yake ni hesabu yenyewe iliyo wazi.

Wagombea walikuwa wanne. Hesabu ya kwanza: Bruce Poliquin wa Republican 134,184, Jared Golden wa Democratic 132,013, Tiffany Bond, mgombea binafsi, 16,552, William Hoar, naye binafsi, 6,875. Poliquin aliongoza kwa kura 2,171, lakini alikuwa na asilimia 46.3, chini ya nusu. Kwenu Kenya mgombea urais asipofikisha asilimia 50 na kura moja, pamoja na asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti, mnarudi vituoni ndani ya siku 30. Maine mrudio huo umo ndani ya karatasi ileile: mpiga kura anaweza kuwapanga wagombea kwa nafasi, wa kwanza, wa pili, wa tatu.

Bond na Hoar waliondolewa. Karatasi zao zilikuwa 23,427. Kila moja ikasomwa chaguo lililofuata: 10,427 zikaenda kwa Golden, 4,747 kwa Poliquin, na 8,253 hazikuwa na chaguo halali kwa yeyote kati ya wawili waliobaki. Jumla: Golden 142,440, Poliquin 138,931. Golden alishinda kwa 3,509. Chukua kalamu ujumlishe, utaona hakuna karatasi iliyozaliwa wala kupotea njiani. Poliquin alikwenda mahakama ya shirikisho, jaji akamkatalia.

Zingatia zile 8,253. Asilimia 50.6 ya Golden ni ya kura zilizobaki hadi mwisho. Ukigawa kura zake kwa karatasi zote 289,624 za mwanzo, unapata asilimia 49.2. Wanaoukosoa utaratibu huu husimama hapo, na hoja yao ni ya haki kujadiliwa. Jibu tunaloliona lina uzito zaidi ni kwamba duru ya pili ya kawaida nayo hupoteza watu wasiorudi kituoni.

Utaratibu huu ulitoka wapi? Mwaka 2010 Paul LePage wa Republican alikuwa gavana kwa asilimia 37.6, mgombea binafsi Eliot Cutler akiwa nyuma yake na asilimia 35.9. Wengi walilalamika kwamba waliompinga LePage waligawana kura. Hata hivyo tatizo lilikuwa la zamani kuliko LePage: James Longley, mgombea binafsi, alishinda ugavana 1974 kwa asilimia 39 tu, na King 1994 kwa 35. Novemba 2016 wananchi wakaupitisha utaratibu wa kupanga wagombea kwa kura ya maoni.

Cha kushangaza, gavana ndiye asiyechaguliwa kwa utaratibu huo katika uchaguzi mkuu. Katiba ya Maine inasema gavana ni aliyepata kura nyingi kuliko wengine, hata kama hazifiki nusu, na Mei 2017 Mahakama Kuu ya jimbo ikatoa maoni kwamba kupanga wagombea kunagongana na maneno hayo. Kifungu hicho kina historia ya moto. Zamani katiba ilidai zaidi ya nusu, na ikikosekana bunge linaamua. Uchaguzi wa 1879 ulizaa mvutano mkali kiasi cha watu wenye silaha kuzunguka jengo la serikali mjini Augusta, na Joshua Chamberlain, jenerali wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, akapewa kazi ya kulilinda kwa siku kadhaa za Januari 1880. Mwaka huohuo katiba ikabadilishwa, aliyeongoza awe ameshinda. Kilichowekwa kuzima fujo ya 1880 ndicho kinachozuia mageuzi leo.

Kwa hiyo kumbuka mgawanyo: kupanga wagombea hutumika kwa seneta na mbunge wa Washington, kwa rais tangu 2020, na kwa kura za mchujo za vyama katika nafasi za jimbo. Gavana na bunge la jimbo katika uchaguzi mkuu: mshindi ni aliyeongoza tu.

Nimepata uraia mwaka huu, naishi Lewiston na mama yangu ambaye bado ana kadi ya kijani. Kiswahili chetu ni cha Bukavu, Kiingereza chake ni kidogo. Nifanye nini, na yeye je?
*Msomaji wa Lewiston, Maine*

Hongera, dada. Tuanze na mama, kwa sababu kwake kosa ni ghali.

Kadi ya kijani ni kibali cha ukazi wa kudumu, si uraia, kwa hiyo mama asijiandikishe wala asipige kura, hata ya diwani. Wakazi wa Portland waliulizwa Novemba 2010 kama wasio raia waruhusiwe kwenye chaguzi za mji, wakakataa. Mahali panaponasa watu ni ofisi ya leseni ya udereva: tangu 2022 jimbo huandikisha wapiga kura moja kwa moja pale. Akiulizwa kama ni raia, jibu ni hapana, hata kama aliyeko kaunta ana haraka. Fomu N-400 ya kuomba uraia inauliza kama umewahi kujiandikisha au kupiga kura, na jibu la ndiyo linaweza kuvunja ombi lote, au kumletea mtu kesi ya kuondolewa nchini. Kama tayari aliandikishwa kimakosa, aende kwa mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kujaza chochote.

Sasa wewe. Nenda ofisi ya karani wa mji ukiwa na kitambulisho na kitu chenye anwani yako: bili ya umeme, mkataba wa pango, taarifa ya benki. Fomu ya posta lazima ifike siku 21 kabla ya uchaguzi. Ukichelewa, usikate tamaa: Maine inaruhusu kujiandikisha ana kwa ana hadi siku yenyewe ya kura, tangu 1973. Bunge liliifuta haki hiyo 2011, na Novemba mwaka huohuo wananchi wakairudisha kwa kura ya maoni. Ukishaandikishwa, kituoni huulizwi kitambulisho. Pendekezo la kukidai lilikataliwa na wapiga kura Novemba 2025.

Vituo hufunguliwa kati ya saa 12 na saa 2 asubuhi kulingana na mji, vijiji vya watu chini ya 500 vinaweza kungoja hadi saa 4, na vyote hufungwa saa 2 usiku. Ukipiga kwa karatasi ya kuchukua nyumbani huhitaji kutoa sababu, lakini karatasi iwe mikononi mwa karani kabla ya saa 2 usiku huo. Muhuri wa posta wa siku ya uchaguzi hauokoi bahasha iliyofika kesho yake.

Karatasi ya kupanga wagombea ni jedwali. Majina yanashuka upande wa kushoto; juu kuna safu wima, chaguo la kwanza, la pili, na kuendelea. Jaza kiduara kimoja katika kila safu wima, na kila mgombea mpe nafasi moja. Makosa ni haya, na kila moja lina matokeo yake. Ukijaza viduara viwili katika safu ya kwanza, mashine haiwezi kujua unamtaka nani, na kura yako ya nafasi hiyo imekufa. Ukifanya hivyo katika safu ya pili, chaguo la kwanza linahesabiwa, lakini huyo akiondolewa karatasi inaishia hapo. Ukiruka safu moja, la kufuata linapanda. Ukiruka mbili mfululizo, yaliyo mbele hayasomwi. Ukimjaza mtu mmoja safu zote, humwongezei nguvu: anahesabiwa mara moja, akiondolewa huna wa pili. Na ukitaka mmoja tu, jaza mmoja, kura ni halali.

Ukikosea, usifute wala usikwangue. Mrudishie msimamizi karatasi iliyoharibika, atakupa nyingine.

Siku mama atakapokuwa raia, sheria ya shirikisho inamruhusu mtu asiyeweza kusoma karatasi kuingia na msaidizi anayemchagua mwenyewe, ili mradi si mwajiri wake wala mwakilishi wa chama chake cha wafanyakazi. Wewe unatosha.

Ni kweli huko wananchi hupigia kura mambo kama uwindaji wa dubu?
*Msomaji wa Arusha*

Kweli, na mara mbili: 2004 na 2014. Swali lilikuwa kupiga marufuku kuwinda dubu kwa chambo, mbwa na mitego. Chambo chenyewe mara nyingi ni ndoo ya maandazi matamu ya mkate yaliyochacha, yaliyowekwa msituni siku nyingi ili dubu azoee kuja. Kwa mkazi wa Portland hilo lilionekana ukatili. Kwa mji wa msituni lilikuwa mshahara wa waongozaji wa wawindaji. Mara zote mbili marufuku ilishindwa.

Njia hii ipo tangu 1908. Wananchi wakikusanya sahihi sawa na asilimia 10 ya kura zilizopigwa katika uchaguzi wa gavana uliopita, pendekezo lao linakwenda bungeni, na bunge lisipolipitisha lilivyo, linakwenda kwa wapiga kura. Kwa idadi hiyohiyo ya sahihi wanaweza kuisimamisha sheria iliyopitishwa na bunge. Ndoa za jinsia moja zilipita pande zote mbili za mlango huu: bunge lilizipitisha 2009, wapiga kura wakazifuta Novemba ileile, kisha 2012 wakazikubali wenyewe. Mwaka 2017 walipanua kwa kura Medicaid, bima ya afya ya watu wa kipato cha chini, gavana LePage akakataa kuitekeleza, na ikaanza kazi Januari 2019 chini ya Janet Mills, mwanamke wa kwanza kuwa gavana wa jimbo.

Linalotugusa zaidi ni la 2021. Marekebisho hayo yalipendekezwa na bunge lenyewe, wananchi wakayaidhinisha, na Maine ikawa jimbo la kwanza la Marekani kuandika haki ya chakula katika katiba: kupanda, kufuga, kuvuna, na kuhifadhi na kubadilishana mbegu. Haikupi ruhusa ya kuingia shamba la mtu, kuiba wala kuwinda haramu. Mkulima mhafidhina wa Somerset na kijana wa bustani za mboga Portland walijikuta upande mmoja.

Je, mfungwa anapiga kura?
*Msomaji wa Kigoma*

Ndiyo. Maine na Vermont ndiyo majimbo mawili ambayo hukumu ya jinai haimwondoi mtu kwenye daftari, hata akiwa ndani. Hupiga kwa karatasi ya posta, na kura yake huhesabiwa mji alikokuwa akiishi kabla ya kifungo, si mji wenye gereza.

Tukifuatilia matokeo ya Maine mtandaoni usiku, tuangalie nini?
*Kikundi cha wasomaji, Zanzibar*

Angalieni kwanza ni nafasi gani. Ikiwa ni gavana, aliyeongoza kura zote zikiisha ndiye, hata kwa asilimia 38. Ikiwa ni seneta au mbunge wa Washington na anayeongoza amevuka 50, kazi imekwisha. Ikiwa yuko 48 na kuna wagombea watatu au zaidi, zimeni simu mkalale: miji haihesabu chaguo la pili. Karatasi na kadi za kumbukumbu za mashine hukusanywa na kusafirishwa hadi Augusta, chini ya ofisi ya Katibu wa Jimbo, na hesabu ya awamu hufanyika huko siku zinazofuata, mbele ya watu. Kwa rais, tafuteni mistari mitatu badala ya mmoja: jimbo zima, eneo la kwanza, eneo la pili. Saa 2 usiku ya Maine mwezi Novemba ni saa 10 alfajiri kwenu.